Ruaha Mkuu na Sheria Zake: Zaidi ya Miaka Mia Moja ya Kuulinda Mto Wetu



Kila mwaka kijarida hiki hubeba makala moja ya historia ya nyumbani. Kwa kuwa fedha za harambee ya mwaka huu zinaelekezwa kwenye maji, makala ya mwaka huu ni ya Mto Ruaha Mkuu: jinsi sheria zilivyojaribu kuulinda, zilichofanikiwa kukilinda, na kilichoponyoka. Wengi wetu historia hii tunaijua kwa vipande. Mmoja anakumbuka mgawo wa umeme, mwingine operesheni ya kuhamisha mifugo, mwingine vigingi vya mpaka wa hifadhi vilivyosimikwa karibu na shamba la baba yake. Vipande hivyo vikiunganishwa vinasema jambo moja. Kwa muda mrefu sheria zilichora mipaka juu ya ardhi, na mto ukaendelea kukauka kwa sababu maji yalikuwa yanachukuliwa nje ya mipaka hiyo.

Mto unakotoka na unakokwenda

Ruaha Mkuu huanzia kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, na baadhi ya vyanzo vyake viko kwenye uwanda wa juu wa Kitulo. Jina Ruaha lenyewe limetokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto. Ukifika bondeni Usangu, mto hupokea ndugu zake: Chimala, Kimani, Mbarali, na Ndembera inayoshuka kutoka upande wa Mufindi kupitia Madibira. Maji hayo hukusanyika Ihefu, kinamasi chetu kikubwa, kisha hutoka kwa mlango mmoja tu, kwenye mwamba wa Ng'iriama.

Msomaji auelewe vizuri mwamba huo, kwa maana ndio ufunguo wa habari yote. Ng'iriama ni kizingiti. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya kizingiti, mto unatiririka kwenda mbele. Yakishuka chini yake, hata kwa kina kidogo, hakuna kinachopita, ijapokuwa ndani ya kinamasi bado kuna maji. Kwa hiyo uhai wa mto wote wa chini wakati wa kiangazi hutegemea kiasi kidogo cha maji yanayoingia Ihefu kuanzia Julai hadi Novemba. Masika mto hauna shida. Shida yake ni miezi hiyo michache.

Baada ya Ng'iriama mto hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hujaza bwawa la Mtera, huzungusha mitambo ya Kidatu, kisha huungana na Rufiji na kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Katika maji yote ya Rufiji, mchango wa Ruaha Mkuu hukadiriwa kuwa kama asilimia 15.

Mipaka ya kwanza

Mwaka 1910 Wajerumani walitenga sehemu ya bonde la chini la mto kuwa pori la wanyama, wakaliita Saba. Mwaka 1946 Waingereza walilifanya sehemu ya Pori la Akiba la Rungwa. Mwaka 1964, baada ya Uhuru, sehemu ya pori hilo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika hatua zote tatu, kilichokusudiwa kulindwa ni wanyama. Mto ulipata ulinzi kwa sababu tu ulibahatika kupita mahali tembo na viboko wanapokunywa. Usangu kwetu, maji yanakokusanyika, hakukuwa na hifadhi. Kulikuwa na Pori Tengefu la Utengule, ambamo uwindaji ulidhibitiwa lakini watu waliendelea kuchunga na kuvua.

Ziko nchi zilizochukua njia nyingine. Mwaka 1968 Marekani ilitunga sheria ya kulinda mito yenyewe. Mto ukishatangazwa chini ya sheria hiyo, serikali kuu haiwezi kuruhusu bwawa lijengwe juu yake, na ukanda wa kingo zake hulindwa pamoja nao. Sisi hatukuwa na sheria ya namna hiyo. Tulikuwa na mipaka ya wanyama, na mto ukaonekana kuwa salama kwa sababu ulikuwa bado unatiririka mwaka mzima.

Mpunga, mabwawa, na mwaka 1993

Mpunga wa kumwagilia haukuanza jana Usangu. Kufikia miaka ya 1940 Wabaluchi walioingia bondeni walikuwa wamechimba mifereji na kulima majaruba, na wenyeji wakaichukua kazi hiyo na kuipanua. Mabanio yalikuwa ya miti, mawe na udongo. Yalivuja, na kila masika yalibebwa na maji, yakajengwa upya. Kuvuja huko kulikuwa usumbufu kwa mkulima, lakini kwa mto kulikuwa fungu lake: kilichovuja kilifika Ihefu.

Kisha yakaja mashamba makubwa. Katika miaka ya 1970 shamba la taifa la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China, hekta 3,000 na zaidi kidogo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kapunga nayo ilikuwa imeongezeka, na baadaye Madibira, kila moja karibu na ukubwa huo. Pembeni mwa mashamba haya wakulima wadogo walifuata mifereji kwa maelfu, kutoka kila kona ya nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpunga wa Usangu ulikuwa kama hekta 3,000 tu. Miaka 30 baadaye, katika mwaka wa mvua nzuri, ulifika kama hekta 40,000. Mchele wa Mbeya ukapata jina sokoni, na nyumba nyingi za bati bondeni zimejengwa kwa mpunga huo. Hili si jambo la kuonea aibu.

Huko chini nako taifa lilikuwa limeweka matumaini yake kwenye mto huohuo. Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na ilipokamilika uwezo wake ukawa megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa juu yake ili kutunza maji, na mwaka 1988 likapata mtambo wake wa megawati 80. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa gridi ilitokana na maji yaliyopita kwenye mto wetu.

Mwaka 1993 mto ulikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Haikuwa ajali ya mwaka mmoja. Mwaka 1994 ulikaa mkavu kwa karibu wiki nne, na mwaka 1999 kwa karibu miezi mitatu. Viboko walirundikana kwenye madimbwi machache yaliyobaki, samaki wakafa, na wanyama waliozoea kunywa mtoni wakalazimika kutafuta maji mbali. Tangu hapo imekuwa desturi ya mto kukauka, na kijana aliyezaliwa mwaka ule hajaujua mto unaotiririka mwaka mzima.

Nani alilaumiwa

Nchi ilipoingia kwenye mgawo wa umeme mwaka 1992, tena 1994, na tena 2006, macho yaligeukia Usangu. Ilisemwa kwamba wakulima wetu na ng'ombe wetu ndio wanaozima taa za Dar es Salaam. Wafugaji walilaumiwa zaidi, hasa Wasukuma na wengine walioingia na makundi makubwa kuanzia miaka ya 1970.

Utafiti mkubwa uliofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kwa ufadhili wa Uingereza, ulitoa majibu tofauti kidogo na maneno ya mitaani. Kwanza, bwawa la Mtera hujazwa na maji ya masika, kwa hiyo kukauka kwa mto kiangazi si sababu kuu ya mgawo wa umeme. Namna maji yanavyotolewa bwawani ilikuwa na sehemu yake. Pili, mifugo haikuwa sababu kuu ya mto kukatika. Sababu kuu ilikuwa mifereji iliyobaki wazi kiangazi, wakati mpunga umeshavunwa. Tatu, sehemu kubwa ya maji hayo ya kiangazi hayakuotesha chochote. Yalipotea njiani, yalituama kwenye majaruba matupu, au yalitumika kwa mahitaji ya nyumbani: kunywa, kufua, kunywesha mifugo, kufyatua matofali.

Kuna jambo la nne ambalo wataalamu waliligundua, nalo linauma. Miradi ya kuboresha umwagiliaji ilibadilisha mabanio ya miti kuwa ya zege. Banio la zege halivuji. Likiachwa wazi kiangazi linaweza kuchukua mto wote. Kilichoitwa maboresho kiliondoa lile fungu dogo ambalo mto ulikuwa ukijipatia wenyewe.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, akiwa London, alitangaza kwamba serikali itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ilikuwa ahadi kubwa, na ilitolewa mbele ya dunia.

Tangazo Na. 28

Njia iliyopewa uzito ilikuwa ileile ya zamani: kuchora mpaka. Mwaka 1998 eneo la Ihefu na viunga vyake lilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu. Mwaka 2006 ilikuja amri ya wafugaji kuondoka bondeni, na hadi mwaka 2007 familia na makundi ya ng'ombe yalisafirishwa kwenda mikoa ya mbali kama Lindi na Pwani. Wapo waliopoteza mifugo njiani, wapo waliotozwa faini zilizowafilisi. Malalamiko yalikuwa mazito kiasi kwamba serikali iliunda tume ya kuchunguza zoezi hilo. Kisha, kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008, pori la akiba na maeneo ya jirani viliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo ukubwa wake ulipita kilomita za mraba 20,000. Kwa wakati huo ikawa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini.

Hakuna anayebisha kwamba Ihefu ilihitaji kinga. Lakini tangazo lile liliingiza ndani ya hifadhi ardhi ambayo watu walikuwa wanaishi na kulima. Kwa miaka 15 iliyofuata vijiji vya Mbarali viliishi bila kujua kesho yao: shule ijengwe au isijengwe, shamba lipandwe au liachwe. Mwaka 2019 suala hili liliingia kwenye kazi ya kamati ya mawaziri wanane iliyoshughulikia migogoro ya ardhi na hifadhi nchi nzima, na mwaka 2023 mpaka ulirekebishwa. Sehemu ya ardhi ilirudishwa kwa wananchi, na baadhi ya vijiji na vitongoji vikatakiwa kuhama. Ndani ya chama hiki wamo waliofurahi mwaka ule na wamo waliolia, na kijarida hiki ni cha wote.

Swali la historia ni hili: je, mto ulirudi? Mwaka 2010 ulipita bila ahadi ya London kutimia. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuunusuru. Mwishoni mwa mwaka 2022, Makamu wa Rais Philip Mpango alipokutana na wadau Iringa, mto ulikuwa umekaa zaidi ya siku 100 bila kutiririka hifadhini.

Sababu haijifichi. Kitulo, kwenye vyanzo, ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Ihefu na mto wa chini ni hifadhi ya taifa. Delta ya Rufiji, mwisho wa safari, iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2004. Mto umelindwa kichwani, kifuani na miguuni. Mahali unaponywewa, kati ya mlima na Ihefu, ni kwetu, na hapo hakuna mpaka wa hifadhi unaoweza kuusaidia. Askari wa hifadhi anaweza kumzuia ng'ombe asiingie Ihefu. Hawezi kuyaleta Ihefu maji yaliyobaki kwenye mfereji nje ya hifadhi.

Sheria inayolinda maji yenyewe

Hata hivyo sheria ya kulinda maji ipo, na wengi wetu hatuitumii. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka utaratibu wa nani atangulie: kwanza mahitaji ya msingi ya binadamu, pili mazingira, na baada ya hapo ndipo kilimo, viwanda na umeme. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikaenda mbali zaidi. Inatambua akiba ya maji: kiasi kinachopaswa kubaki mtoni kwa ajili ya watu na viumbe, kabla kibali chochote cha kutumia maji hakijatolewa.

Tuseme kwa lugha ya nyumbani. Kwa sheria hii mto nao ni mwanafamilia mwenye fungu lake, na fungu hilo hutengwa kabla ya kugawana. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ndiyo inayotoa vibali, na jumuiya za watumiaji maji zina nafasi ya kisheria ya kusimamia mgawanyo kwenye mto wao. Hapa mlinzi wa mto si askari wa hifadhi. Ni mwenyekiti wa jumuiya, mlinzi wa banio, na mkulima wa juu anayekubali kumwachia wa chini.

Kwa nini basi sheria nzuri hivi haijaurudisha mto? Kwa sababu kibali ni karatasi, na banio ni zege. Kibali kinataja kiasi cha maji, lakini mabanio mengi hayana geti linalofungika wala kipimo cha kuonyesha kinachopita. Na hata panapokuwa na geti, lipo jambo gumu zaidi. Kwenye vijiji vingi vilivyo mkiani mwa mifereji, mfereji ndio bomba. Huwezi kumwambia mama afunge maji anayochotea ndoo ya watoto wake, wakati kijijini hakuna kisima. Akikataa, hata sera iko upande wake, kwa kuwa binadamu ametangulia. Ndiyo maana mfereji mzima hubaki wazi miezi mitano ili ndoo chache zijae, na maji mengine yote yapotelee njiani.

Kazi ya mwaka huu

Hapo ndipo historia inapokutana na harambee. Kamati imechagua mambo matatu, na yote yanafuata funzo hilo.

La kwanza ni visima virefu kwenye vijiji vya mkiani mwa mifereji. Hivi ndivyo vinavyotangulia kwa fedha na kwa muda. Mahali penye kisima, jumuiya inaweza kukubaliana kufunga banio baada ya mavuno bila kumnyima mtu maji ya kunywa.

La pili ni mageti na vibao vya kupimia kina cha maji kwenye mabanio, kwa makubaliano na jumuiya husika na kwa kufuata masharti ya vibali vyao. Mlinzi wa banio akiwa na kipimo, ugomvi wa wa juu na wa chini unapata shahidi.

La tatu ni kuweka alama za mita 60 na kupanda miti ya asili kwenye kingo. Pale ambapo mtu ana bustani ndani ya mita hizo, tutakaa naye pamoja na serikali ya kijiji kabla ya alama kuwekwa. Tumeshaona bondeni kwetu gharama ya kuweka vigingi kwanza na kuzungumza baadaye.

Mambo haya yana bei yake hata nje ya fedha. Wapo watakaokosa mboga za kiangazi, na wapo waliozoea kuotesha vitalu mapema ili wawahi soko, ambao watalazimika kusubiri. Wao ndio watakaobeba sehemu nzito ya kazi hii, na sisi tulioko mijini hatutabeba hata robo yake. Mchango wetu wa fedha ni njia ya kuubeba mzigo huo pamoja nao.

Kwa zaidi ya miaka mia moja mto huu umelindwa na watu wa mbali: Berlin, London, Dar es Salaam, Dodoma. Kila mmoja alichora mpaka wake kwa nia yake. Sheria ya 2009 ndiyo iliyoleta sehemu ya kazi hiyo mlangoni kwetu. Tukiifanya, tutakuwa na neno la kusema siku mpaka mwingine utakapotaka kuchorwa, kwa sababu tutaweza kuonyesha maji yanapita Ng'iriama na watu bado wako kwenye vijiji vyao. Tusipoifanya, mto ukiendelea kukauka, jibu litakalotujia tunalijua tayari.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki. Ijaze, jina na kijiji chako, uirudishe kwa mweka hazina wa tawi lako kabla ya siku ya harambee. Anayeweza kisima atoe kisima, na anayeweza mfuko wa saruji atoe mfuko wa saruji. Taarifa ya matumizi itasomwa kwenye mkutano mkuu, kijiji kwa kijiji na banio kwa banio.